Dada, mama mkwe amekiona kitabu

"Dada, shikamoo. Mimi ni msomaji wako wa Tanga, nina miaka 28, nimeolewa mwaka wa tatu sasa. Tunaishi nyumba moja na mama mkwe na wifi yangu. Nafanya kazi duka la dawa. Tangu kidato cha pili napenda riwaya za upelelezi, hasa za nje: za Waingereza, za Waswidi, siku hizi hata za Wajapani. Nanunua za mitumba, nyingine nasomea kwenye simu. Nilikuwa nazificha sandukuni chini ya nguo kwa sababu nilijua hawatanielewa. Mwezi uliopita wifi alikuwa anatafuta kanga, akakuta kitabu chenye picha ya chupa ya sumu na fuvu. Akampelekea mama. Tangu siku hiyo mama akila nilichopika anakula kidogo, anasema tumbo halijakaa sawa. Wifi naye amesema mbele ya jirani kwamba mtu mchana anauza dawa, usiku anasoma namna ya kuua watu, tutalala naye vipi nyumba moja? Mume wangu ananyamaza. Dada, sijawahi kumdhuru hata sisimizi. Niviuze? Mbona wenzangu wanaangalia tamthilia za kuuana kila jioni na hakuna anayewasema?"

Marahaba, mdogo wangu, na pole sana. Barua yako nimeisoma asubuhi, nikairudia mchana, na hapo penye mama mkwe kula kidogo ndipo paliponikaa moyoni. Ukweni mtu anavumilia maneno mengi. Lakini kupakua wali kisha ukaona mkono wa mwenzio unasita juu ya sahani, hilo ni zito, na sitaki ulizoee.

Vitabu usiuze. Nalitanguliza hilo ili ulale. Hata hivyo kosa lipo, nalo ni lile sanduku.

Wewe unayesoma habari za wapelelezi unajua vizuri: kitu kikifichwa chini ya nguo kinageuka ushahidi. Kitabu kile kile kingekuwa mezani karibu na redio, wifi angekifunua, angekuta maandishi ya Kiingereza, angekirudisha na kuendelea kutafuta kanga yake. Kutolewa chini ya magauni ndiko kulikokitia uzito. Mimi naamini mama hakuliogopa fuvu la jaladani. Aliogopa kwamba ndani ya nyumba yake kuna jambo ambalo mkwe wake amelificha miaka mitatu.

Na hao wa tamthilia hawasemwi kwa sababu wanaangalia sebuleni, wote pamoja. Mama akiuliza "huyu ndiye aliyemuua yule?" wanamjibu watu watatu kwa mpigo. Kitabu ni kimya. Mtu akijiinamia saa mbili, akatabasamu peke yake, akashtuka peke yake, wanaomtazama wanahisi amekwenda mahali wao hawakualikwa. Hapo ndipo pa kutengeneza, na nitakueleza namna.

Kwanza lakini mumeo. Neno la wifi mbele ya jirani silichukulii kirahisi, maana kwetu neno sumu linakaa jirani na neno uchawi, na yote mawili yakishavuka kizingiti hayarudi. Usimpelekee mumeo malalamiko juu ya mama yake. Mpelekee ombi moja. Mwambie: "Naomba useme na dada yako, maneno yale yasitoke tena nje ya nyumba hii. Na naomba useme mbele ya mama kwamba vitabu vyangu unavijua." Kisha mwoneshe vyote kweli, kimoja kimoja, ili anaposema anavijua awe anavijua. Mwanamume akinyamaza mara nyingi ni kwa kuwa hajui aseme nini, basi mpe la kusema. Na wewe upande wako, usifanye mzaha wa sumu hata kwa kucheka, wala dawa za dukani zisiingie nyumbani zikiwa kwenye karatasi isiyo na jina. Ikiwa ni ya kikohozi cha mama, ije na boksi lake, na yeye aione.

Sasa tuje kwenye mapenzi yako yenyewe, maana barua yako imejaa woga na mimi nataka ujue unachokipenda kina heshima gani.

Mwanamke anayejulikana kuliko wengine duniani kwa riwaya za sumu alikuwa mwenzako wa kazi. Agatha Christie alizaliwa mwaka 1890 mji wa Torquay, Uingereza. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza alijitolea kuuguza majeruhi katika hospitali ya Msalaba Mwekundu hapo mjini kwao, baadaye akahamishiwa chumba cha dawa. Akasoma, akafanya mtihani, na mwaka 1917 akafaulu kuwa mchanganyaji dawa anayetambuliwa. Kati ya mizani na zile chupa ndiko alikopata wazo la kitabu chake cha kwanza, The Mysterious Affair at Styles, kilichotoka Marekani mwaka 1920 na Uingereza mwaka uliofuata. Jarida la wafamasia la kwao lilikisifu kwa namna alivyoieleza sumu bila kukosea, na sifa hiyo aliithamini sana. Kwa hiyo, mdogo wangu, wewe kusimama nyuma ya kaunta mchana na kufungua Christie usiku si jambo la ajabu. Umeshika njia aliyopita yeye, ila umeianzia upande wa pili.

Liko na lingine, nalo lilitokea kweli. Mwaka 1977 mtoto wa kike wa miezi 19 alipelekwa kutoka Qatar hadi hospitali ya Hammersmith, London. Anazidiwa, na madaktari hawajui anaumwa nini. Muuguzi aliyekuwa zamu kando ya kitanda chake alikuwa anasoma riwaya ya Christie iitwayo The Pale Horse, ya mwaka 1961, ambamo watu wanadhoofika na nywele zao zinanyonyoka. Akamtazama mtoto: nywele zinapukutika. Akawaambia madaktari, labda ni thaliamu. Wakapima, ikawa ndiyo. Nyumbani kwao mtoto kulikuwa kumetumika sumu ya kuulia wadudu na panya yenye thaliamu ndani yake. Akatibiwa, akapata nafuu. Muuguzi yule angekuwa ameviuza vitabu vyake kwa kuogopa maneno ya wifi, sijui mtoto yule angepatwa na nini.

Hadithi hiyo mama mkwe wako anastahili kuisikia. Ila usianze nayo. Bado ina neno sumu ndani yake, na tumbo lake bado halijakaa sawa.

Nikwambie namna mimi nilivyojifunza. Riwaya yangu ya kwanza ya nje haikuwa na mwisho. Nilikuwa kidato cha tatu. Kitabu nilikipata kwa muuza mitumba aliyetandaza turubai kando ya stendi, jalada hakina, na karatasi za nyuma zimeng'oka, labda kuna mtu alifungia karanga. Nilisoma mpaka pale ambapo mpelelezi amewakusanya watu wote chumba kimoja ili amtaje muuaji. Nikafunua ukurasa, hamna kitu.

Wiki hiyo nyumbani kulikuwa na harusi ya binamu yangu. Wanawake wamekaa uani kwenye mikeka, nyungo saba au nane, wanachambua mchele. Mama mdogo akaniuliza mbona nimenuna. Nikamwambia kitabu changu hakina mwisho. "Mwisho wa nini?" Basi nikakaa, nikapewa ungo wangu, nikaanza kusimulia tangu mwanzo: mzee tajiri, mke wa pili, mpwa mwenye madeni, karani, na mpishi aliyesikia mlango saa tano usiku.

Sikufika mbali. Walinikatiza kila hatua. Mmoja akauliza, huyo mzee alikuwa na watoto? Nikasema anao, lakini mali yote kamwandikia mpwa kwenye wosia. Uani pakanyamaza. "Yote? Kwani kwao mirathi haina mafungu?" Nikawaeleza kwamba kwa Waingereza mtu anaweza kumwandikia mali yake amtakaye. Bibi mmoja aliyekuwa pembeni, ambaye nilidhani amesinzia, akasema kwetu wosia hauvuki thuluthi, na mrithi haandikiwi zaidi ya fungu lake ila wenzake waridhie. Akaongeza: "Basi ndiyo maana wanauana." Nimesoma riwaya nyingi za Kiingereza tangu siku ile, na kila nikikuta wosia uliobadilishwa juzi tu kabla ya kifo, namkumbuka bibi yule. Alilishika kwa neno moja shina la nusu ya visa vile.

Mama mdogo wangu yeye hakusema haraka. Aliishia darasa la nne. Akaokota kijiwe kwenye mchele, akakitupa kando, akasema: "Humo kuna mmoja kila mtu anamsifu, na hakuna aliyemuuliza usiku ule alikuwa wapi. Muulizeni huyo." Miaka tisa baadaye nilikutana na kitabu kile kizima, katika jiji lingine kabisa. Nikasoma kurasa za mwisho nimesimama hapo hapo barabarani. Ndiye huyo. Nikampigia simu mama mdogo. Jina la kitabu hakulijua kamwe, lakini watu wake wote alikuwa nao: yule wa madeni, yule wa mlango, yule wa kusifiwa. "Nilikwambia," akasema.

Tangu wakati huo sisomi riwaya ya nje bila kumtafutia msikilizaji, na ndilo ninalokuomba na wewe: zisimulie. Simulia kwa Kiswahili, jikoni, uani, mkiwa mnakuna nazi. Riwaya za upelelezi za nje zilizotafsiriwa kwa lugha yetu ni chache. Mwalimu Nyerere alitupa Shakespeare, na juzi juzi, mwaka 2022, riwaya ya Abdulrazak Gurnah ikatujia kwa jina la Peponi, lakini wapelelezi wa mbali bado wanakaa upande wa pili wa Kiingereza, na mama mkwe wako hawezi kuwafikia mpaka wewe umvushe. Ukisimulia utagundua na wewe ulikuwa hujakielewa kitabu. Utakwama. Utaulizwa swali ambalo hukujiuliza. Utarudi kusoma tena, na mara ya pili ndipo utaona mwandishi alikuonesha kisu tangu ukurasa wa kumi.

Umeniandikia kwamba unasoma Waswidi. Je, unajua kwamba yule Henning Mankell, wa inspekta Wallander, sehemu kubwa ya maisha yake ya utu uzima ilikuwa Maputo? Tangu mwaka 1986 aliongoza jumba la maigizo la Teatro Avenida, akawa anaishi mguu mmoja Msumbiji na mwingine Uswidi hadi alipofariki mwaka 2015. Ukilijua hilo, ule ukali wake kuhusu namna Waswidi wanavyompokea mgeni unausoma kwa jicho lingine. Kabla yake walikuwepo Maj Sjöwall na Per Wahlöö, mtu na mwenzake, waliotoa vitabu kumi kati ya 1965 na 1975. Waliandika usiku watoto wakishalala, mmoja akishika sura hii na mwingine inayofuata. Muulize mumeo kama angeweza.

Kwa Wajapani, kama hujamsoma Keigo Higashino, anza na The Devotion of Suspect X. Kuna mama na binti yake, kuna mtalaka asiyewaacha wapumue, na kuna jirani mwalimu wa hisabati, mpole, asiyesemeshwa na mtu. Aliyeua unamjua tangu mwanzo kabisa. Unabaki kutaka kujua mtu anaweza kupenda mpaka wapi. Mimi kitabu kile nilikifunga nikakaa muda mrefu bila kuwasha taa. Wa Italia, Andrea Camilleri, alimleta inspekta Montalbano akiwa na umri wa miaka 68, na Montalbano huyo hataki kusemeshwa akiwa anakula samaki. Mtu wa Pwani atamwelewa. Na Lagos, jirani zetu kwa mbali, Oyinkan Braithwaite ana muuguzi Korede na mdogo wake mrembo ambaye wapenzi wake hawadumu. Kitabu hicho msimulie wifi. Ni kitabu cha ndugu wawili wa kike na mzigo wa kumlinda wa damu yako hata akikosea, na nina imani wifi yako ana la kusema juu ya hilo.

Vipo nisivyokushauri. Kuna vitabu ambavyo maiti ya mwanamke ni pambo: inaelezwa urefu wa kurasa, nguo gani, jeraha gani, kisha jina lake linasahaulika na tunabaki na huzuni ya polisi mlevi. Hivyo mimi naviweka chini katikati, hata kama vimesifiwa dunia nzima, na sijutii pesa yangu. Riwaya nzuri ya upelelezi inamheshimu aliyekufa. Inataka kujua alikuwa nani, alipenda nini, nani alimkosea kabla ya yule wa mwisho.

Halafu kuna jambo hukuligusa kwenye barua. Umewahi kumuuliza mama mkwe kama yeye mwenyewe aliwahi kusoma? Ikiwa alipita shule miaka ya sabini, kuna uwezekano alimjua mpelelezi Bwana Msa kabla wewe hujazaliwa. Muhammed Said Abdulla wa Unguja aliwahi kuwa mkaguzi wa idara ya afya, kisha mhariri wa gazeti la Mkulima, na riwaya yake Mzimu wa Watu wa Kale ilitoka mwaka 1960 baada ya kushinda shindano la uandishi. Bwana Msa na kiko chake na rafiki yake Najum wana undugu wa wazi na Sherlock Holmes na Watson, lakini tazama alichofanya mwandishi: maiti inakutwa kwenye mzimu, watu wako tayari kuwatupia lawama wasioonekana, na Bwana Msa anakataa, anamtafuta mtu mwenye mikono na miguu. Kama si yeye, basi labda anamkumbuka Willy Gamba wa Elvis Musiba, au Joram Kiango wa Ben Mtobwa, waliosomwa mpaka majalada yakaisha. Muulize tu, bila kutega. Huenda mmekuwa wasomaji wawili ndani ya nyumba moja, kila mmoja amejifungia chumbani kwake.

Sasa hadithi ya kuanza nayo. Isitoke Uingereza. Itoke kwa Harun Rashid, ambaye mama anamjua kwa Abunuwasi. Katika Alfu Lela U Lela mna kisa cha matufaha matatu, na nakichagua makusudi. Mvuvi maskini anavua sanduku zito kutoka mto Tigris. Khalifa analinunua, linafunguliwa, ndani mna mwili wa mwanamke kijana. Waziri Jafari anapewa siku tatu amtafute muuaji, la sivyo atanyongwa yeye. Baadaye tunajua ya nyuma: mke alikuwa mgonjwa, akatamani tufaha, na hayakuwa msimu wake. Mume kwa mapenzi akasafiri mpaka Basra, akarudi na matatu. Siku moja yuko dukani kwake, akamwona mtumwa anapita na tufaha mkononi. Akamuuliza kalipata wapi. Akajibiwa kapewa na mpenzi wake, ambaye mumewe alilifuata Basra. Mume akakimbia nyumbani, akahesabu matufaha. Mawili. Akamuuliza mkewe la tatu liko wapi, mke mgonjwa akasema hajui.

Hapo simama. Punguza moto, koroga tui lisikatike, mwache mama aseme. Usimfafanulie. Usimwambie "unaona mama, dhana ilivyo mbaya." Yeye ni mtu mzima, amelea, amezika, anajua mwenyewe hadithi imesimama wapi, na ukimwekea maneno mdomoni atajua umemtegea. Wewe mwachie matufaha mawili hapo mezani, na swali la aliyelichukua la tatu. Mwisho wake mpe siku ya pili, maana Jafari naye ana safari ndefu, na jibu liko karibu naye kuliko anavyodhani.

Na siku hiyo hiyo toa vitabu sandukuni. Vipange juu ya kabati la sebuleni, hata kile cha fuvu. Cha fuvu kiweke mbele.

Kisha kaa chini uniandikie, mdogo wangu. Nataka kujua mama alimshuku nani.